Chupa Ishirini na Mbili za Baba Mkubwa

Jambo zima lilitugharimu jogoo mmoja na nusu, sukari ya foleni mbili, ndoo kumi na moja za maji nilizobeba kichwani kutoka bombani hadi mlango wa nyuma wa baa, blanketi la kijivu ambalo halikuacha kunuka hadi lilipochakaa, na usingizi wa mama kwa wiki sita. Nimehesabu mara mbili. Hiyo nusu ya jogoo nitaieleza, msiwe na haraka.

Yamenirudia mwezi huu dukani kwa kijana mmoja anayeuza vifaa vya kuokea mikate. Alikuwa amefungua kopo ili mteja aone kilichomo, na kabla sijageuka pua ikanikamata: asali iliyoungua kidogo, mkate, na chini kabisa uchungu wa majani nisiyoyajua. Nikauliza bei. Akataja. Nikacheka. Akapunguza. Nikatoka, nikafika kwa muuza vitunguu, nikarudi, akapunguza tena. Nimelinunua. Liko mezani hapa ninapoandika, na ndilo limenifanya niwaombe ushauri nyie wa rika langu, mnaokumbuka miaka ya foleni. Lakini kwanza msikie la zamani.

Tulikuwa tunakaa Chanji, mtaa wa mjini kule Ufipa. Baba alikuwa karani ofisi ya serikali, mtu wa maneno machache na kalamu mbili mfukoni. Mama alilima ulezi na mahindi, na alipika pombe. Pombe ya ulezi ya mama ilikuwa na jina lake mjini. Watu walikuwa wanavipita vilabu viwili ili wafike kwetu. Mimi nilikuwa na miaka kumi. Dada yangu Felista alikuwa na kumi na tisa na mchumba, mwalimu wa shule kutoka Kabwe, ziwani, kijana mpole aliyenuka samaki hata akivaa suti.

Washenga wa mwalimu walipokuja mara ya kwanza, baba aliwaambia neno moja: "Mwenye binti ni kaka yangu. Akikaa yeye, tumekaa." Ndivyo ilivyo kwetu. Mkubwa asipogusa kinywaji cha kikao, kikao hakijaanza, hata mkiongea mpaka jioni. Kaka mwenyewe, Baba Mkubwa, alikuwa Mwazye kwenye shamba lake, na nyumbani kwetu hakuwahi kukanyaga tangu nikiwa wa kubebwa mgongoni. Baba akamwandikia barua. Majibu yalirudi kwa mdomo wa utingo wa lori: "Mwambie nitakuja. Lakini kwa mdogo wangu sinywi kitu kisicho na kizibo."

Mama aliposikia alikaa chini kwenye kizingiti. Nikamuuliza, "Mama, kwa nini kizibo?"

Akanitazama kidogo, kama mtu anayetafuta chenji.

"Baba yako mkubwa anaogopa vitu vya wazi," akasema.

Mimi nikaelewa mara moja. Wiki hiyohiyo Bwana Afya alikuwa amekuja shuleni na picha kubwa ya nzi, miguu kama reki, akatueleza nzi anatoka wapi na anatua wapi. Kumbe Baba Mkubwa naye alikuwa ameiona ile picha! Nikamheshimu. Nikasema moyoni, huyu ni mzee msafi, na pombe ya mama kweli hukaa wazi, na nzi kweli huja. Hilo ndilo nililobeba kichwani wiki zote sita, na ndilo nusura lituvunjie nyumba.

Shida ilikuwa bia yenyewe. Lori la bia lilikuwa halijapandisha Ufipa muda mrefu, na likipandisha, kreti zilishuka kwa wakubwa kabla hazijagusa baa. Soda nayo ilikuwa ya kusimuliwa. Halafu, kama baba alivyosema, mzee hapokei posa kwa soda kama mtoto wa komunio ya kwanza. Dada Felista alianza kukonda. Mwalimu alikuwa amepangiwa kuhamia shule nyingine, mbali, mwezi wa nane, na akiondoka bila posa kupokelewa, nani angejua atakuta nini huko.

Ndipo mama akamkumbuka Mzee Kosmas.

Mzee Kosmas alikuwa amepika misheni miaka mingi. Bruda mmoja mzungu, fundi wa kila kitu, alikuwa akijitengenezea bia ya chupa kwa kimea kinachokuja kwenye kopo kutoka kwao. Aliporudi Ulaya akamwachia mpishi wake vyombo vyote: pipa dogo la plastiki, mpira wa kunyonyea, chuma cha kukandamizia vizibo, mfuko wa vizibo vyeupe visivyo na alama, pakiti ya hamira, na kopo moja lililobaki. Mama alinichukua twende naye kwa sababu yeye, kwa maneno yake mwenyewe, alikuwa hajui kukataa.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Jogoo wawili," akasema Mzee Kosmas, kabla hatujakaa. Habari ilikuwa imemfikia.

"Babu, kopo lenyewe lina kutu," nikasema.

"Kutu iko nje. Kimea kiko ndani."

"Na hamira ya tangu Bruda yupo?"

"Hamira haizeeki, inalala."

"Jogoo mmoja."

Akamgeukia mama. "Huyu ni mtoto wako au wa Mhindi wa duka?"

"Malizana naye babu, mimi mwenyewe simuwezi."

"Mmoja sasa hivi," nikasema, "na nusu tukiona povu."

Mzee Kosmas alicheka mpaka akakohoa. "Wewe mtoto utaolewa na mizani," akasema, lakini akakubali, na hakuna aliyeuliza jogoo anakabidhiwaje nusu.

Sukari tulipanga foleni duka la ushirika, kilo moja kwa kila nyumba, mama siku moja na mimi siku nyingine, mimi nikiwa nimejifunga kitambaa cha dada ili nionekane nyumba nyingine. Chupa ndizo zilikuwa kazi. Miaka ile bila chupa tupu hupewi bia, kwa hiyo mwenye baa alizilinda kama kuku wa mayai. Nilimwambia nitamletea maji, ndoo moja kwa chupa tatu. Akasema moja. Tukakutana kwenye mbili. Ndoo kumi na moja, chupa ishirini na mbili. Kila chupa nikaiosha mara tatu: kwa majivu, kwa maji ya moto, na mara ya tatu kwa sababu ya nzi.

Siku ya kupika, Mzee Kosmas alikuja na aproni ya misheni. Kopo liliwekwa kwanza kwenye maji ya moto ili kimea kilegee, kisha likainamishwa juu ya sufuria, na kile kitu kikashuka taratibu, cheusi, kikijikunja kama kamba iliyolowa. Mama alikitazama kwa dharau. Kimea kwake ni ulezi unaoulowesha, ukaufunika ukaota, ukauanika, ukausaga; kina mikono na jua ndani yake. Hiki kilikuwa kimeshafanyiwa kila kitu na watu asiowajua. Nikachovya kidole. Kilikuwa kitamu, kisha kikawa kichungu, kama maneno ya shangazi.

Kilichemka na sukari, kikapozwa, kikamiminwa kwenye pipa pamoja na maji yaliyochemshwa, hamira juu yake.

"Sasa lipelekeni chumba cha nyuma, upande wa kivuli," akasema Mzee Kosmas. "Bia hii ni mtoto wa baridi. Ndiyo maana Bruda alikuwa anaipenda Ufipa."

"Pombe ilale kwenye baridi kama mbwa?" mama akauliza.

"Mama Felista, nani mpishi wa bia hapa?"

Mama akalibeba pipa. Ilikuwa miezi ya upepo, ule unaotoka milima ya Mbizi ukiwa umenolewa, na chumba cha nyuma kilikuwa kinagandisha mafuta ya kujipaka. Siku ya kwanza pipa lilikuwa kimya. Ya pili kimya. Nilikuwa nikitoka shule naweka sikio. Pombe ya mama siku ya pili huwa inaongea, inanong'ona kama wanawake mlangoni mwa kanisa. Hii ilikuwa kama maiti. Siku ya tano mama hakula.

Jumapili asubuhi, Mzee Kosmas akiwa misa ya kwanza, mama akaniita tulibebe pipa. Tukalisogeza jikoni karibu na mafiga, akalifunga blanketi lake la kijivu, akafungua kifuniko, na kutoka kwenye kibuyu cha kimea chake cha ulezi akachota konzi moja akaitupia humo.

"Wewe hujaona," akaniambia.

"Nimeona konzi moja."

"Basi hesabu hiyo iishie kichwani mwako."

Jumatatu blanketi lilikuwa limelowa povu na jikoni kote kulinuka mkate. Mzee Kosmas alipokuja tulikuwa tumelirudisha pipa kwenye baridi, linachemka lenyewe kama lina ugomvi. Akatandaza mikono.

"Mmeona? Hamira ya Ulaya ina subira."

"Kweli babu," mama akasema, bila kupepesa macho. "Ina subira."

Pipa lilipotulia, tukajaza chupa kwa mpira, kila chupa na nusu kijiko cha sukari. Hapo ndipo mama na Mzee Kosmas walipogombana kweli. Vizibo vya Bruda vilikuwa vyeupe. Mama alitaka vyenye alama ya kiwanda, kwa sababu Baba Mkubwa alikuwa amefanya kazi migodini, ng'ambo ya mpaka, na bia ya chupa aliijua kwa kizibo chake. Mimi nilikuwa nimeokota vizibo nyuma ya baa, nikavinyoosha kwa jiwe na msumari, kumi na viwili vikatoka vizuri.

"Kizibo kilichokwisha funguliwa," akasema Mzee Kosmas, "ni kikombe cha kunyweshea vifaranga. Pumzi itatoka."

"Itoke. Anachotaka ni kizibo, si pumzi."

Chupa kumi na mbili zikafungwa kwa vizibo vya alama, kumi kwa vyeupe. Wiki tatu zilizofuata tulikuwa na jeshi la chupa chini ya kitanda cha dada. Vyeupe viwili vililipuka mchana mmoja, dada akadhani ni bunduki akakimbilia kwa jirani. Kimoja Mzee Kosmas alikifungua kupima: kikapiga mluzi, povu likapanda, akanywa akafumba macho, kisha akadai nusu yake ya jogoo palepale. Mama akamwambia itaiva siku ya posa. Zikabaki kumi na tisa.

Washenga kutoka Kabwe walikuja Jumapili baada ya misa, wanne, wakiongozwa na baba mdogo wa mwalimu. Baba Mkubwa alifika wa mwisho, amevaa koti refu la mgodini, akakaa kwenye kiti cha karibu na mlango kabisa, mguu mmoja karibu uko nje. Nilimwamkia, akaniitikia akanishika kichwa. Mkono ulikuwa mzito. Felista alikuwa nyuma ya pazia. Nilikuwa naona vidole vyake kwenye ukingo wa kitambaa.

Mama akaleta sinia: glasi moja, kifungulio, na chupa yenye kizibo cha alama. Lebo hazikuwepo; baba akawahi kusema zilibanduka kwa mvua kwenye lori. Hakuna mvua mwezi wa saba Ufipa. Baba hakuwa amezoea kudanganya.

Baba Mkubwa alichukua chupa akakisoma kizibo. Akaiinua kwenye mwanga. Akafungua mwenyewe.

Haikusema kitu. Kizibo kilitoka kama kofia ya mtu aliyelala.

Akaisogeza sikioni, akaiweka chini. "Leta nyingine."

Mama akaleta nyingine ya alama. Nayo bubu. Baba alikuwa anaangalia viatu vyake. Baba mdogo wa mwalimu akakohoa, akaanza kusema habari za dagaa, akaacha.

Hapo ndipo mimi nilipokimbilia chini ya kitanda. Nilijua zipi zina pumzi. Nikaleta yenye kizibo cheupe nikaiweka mbele yake. Alipofungua ilipiga kelele kama paka, povu likapanda likamlowesha mkono wa koti. Akamimina. Rangi ilikuwa safi kabisa, rangi ya chai isiyo na maziwa, na chini ya chupa vumbi kidogo. Akanusa. Akanusa tena.

"Kiwanda kimeanza kutia ulezi?" akauliza.

Niliona vidole vya Felista vikiachia pazia. Mama alikuwa amesimama na sinia tupu kifuani kama ngao. Nikaona tunapoteza kila kitu, ndoo kumi na moja, jogoo, mwalimu, na kwa jambo ambalo mimi nilikuwa na jibu lake.

"Baba Mkubwa," nikasema, "nzi hakuna."

"Nini?"

"Nzi. Mama alisema unaogopa vitu vya wazi. Chupa nimeziosha mimi, kila moja mara tatu. Pipa lilifungwa na blanketi. Hakuna nzi hata mmoja aliyetua humo, nimelinda mwenyewe. Hii ni safi kuliko ya kiwandani."

Nilisikia baba akivuta pumzi. Nikajua nimesema kitu, ila sikujua kipi.

Baba Mkubwa aliiweka glasi chini. "Nzi," akasema polepole. Kisha akamgeukia mama. "Shemeji, huyu ana miaka mingapi?"

"Kumi."

"Na miaka yote hiyo hamjamwambia?"

"Nimwambie nini, shemeji?" Sauti ya mama ilikuwa ndogo, lakini haikutetemeka. "Wewe ni baba yake."

Kuku walisikika uani. Baba Mkubwa aliurudisha ndani ule mguu uliokuwa mlangoni. Akaichukua ile glasi, akaiangalia, akamnyooshea mama.

"Cha kiwandani hakionjwi," akasema. "Cha nyumbani huonjwa. Onja."

Mama aliweka sinia chini, akapiga magoti, akaipokea kwa mikono miwili. Nilidhani atagusa tu kwa mdomo, kama wanavyofanya. Alikunywa nusu nzima. Akafuta ukingo kwa kiganja, akamrudishia. Baba Mkubwa akaimaliza bila kupumua.

"Kali," akasema.

"Ni majani ya kwao Bruda."

"Ulezi ndio umeiokoa."

"Konzi moja tu, shemeji," mama akasema, na ndipo machozi yakamtoka.

Nilipoyaona machozi hayo nikakimbilia nje, nikalia nyuma ya nyumba, nikiamini tumeshikwa. Dada Felista ndiye aliyekuja kuniambia kikao kimeanza. Alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja, akanibeba juu ingawa nilikuwa mkubwa. Mchana ule chupa zote ziliisha, hata zile bubu. Mzee Kosmas aliitwa akaletewa bakuli: paja moja, bawa moja, na nusu ya shingo. Nilisimamia mgawo.

Nilikuwa nimeshaolewa niliposimuliwa lililobaki. Mama Mkubwa, mke wa yule mzee, alikunywa pombe kwenye chungu cha mama siku ya ubatizo wangu, na siku ya nne akafariki. Hospitali walisema homa ya tumbo. Baba Mkubwa hakuwasikia; kwake, kilichoua ni kile chungu. Alisimama uani kwetu akataja neno ambalo halirudishwi, akaenda zake. Mama alilibeba miaka kumi na hakulipitisha masikioni mwa mtoto yeyote. Siku hizi, nikifikiria homa ya tumbo na jinsi inavyosafiri, naona huenda Bwana Afya na mimi tulikuwa karibu na ukweli kuliko wazee wote mle ndani. Lakini hakuna aliyetuuliza.

Sasa ushauri.

Mama ametangulia. Kiwanja cha Chanji kilibaki kwetu wawili, na mimi na Felista tukashindwana. Nilipima kwa hatua, mara mbili. Yeye alisema hatua zangu ni fupi ninapokwenda upande wake. Maneno yakatoka. Sasa akija kwangu, na huja msibani au mtu akiumwa tu, anakuja na chupa yake ya maji kwenye mkoba. Anaifungua mbele yangu hadi ule mkatiko wa kizibo nausikia. Dada yangu, aliyenibeba siku ile.

Binti yangu wa mwisho amepata mchumba. Washenga wanakuja baada ya wiki sita, na upande wetu aliyebaki mkubwa ni Felista. Asipogusa kinywaji, kikao hakijaanza. Maduka yamejaa bia za kila rangi, ningeweza kununua kreti nikamaliza. Lakini nimenunua kopo. Nina hamira mpya, na nina konzi moja ya kimea cha ulezi kutoka Mwazye. Vizibo niliuziwa ishirini na tano. Nimehesabu mara mbili, viko ishirini na nne, kesho naenda kumtafuta yule kijana.

Nisilojua ni hili. Nizifunge chupa, nimwekee mbele yake afungue mwenyewe, anywe bila kulazimika kunitazama? Au niilete wazi kwenye jagi, nimimine, nipige magoti kwa haya magoti yangu mabovu, nionje kwanza mbele ya wageni wa watu, nikijua anaweza kutoa chupa yake mkobani? Nyie mliokwisha kupatana na ndugu zenu, mlianzaje? Niandikieni. Pipa nimelijaza jana, na tangu asubuhi limeanza kunong'ona. Likinyamaza, itabidi niwe nimeamua.